Conor Cruise O'Brien, Mwayalandi wa Katanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Conor Cruise O'Brien ni nani?

Mwanasiasa na mwandishi wa Ayalandi. Alizaliwa Dublin tarehe 3 Novemba 1917, akafariki tarehe 18 Desemba 2008 akiwa na miaka 91, na katikati hapo alifanya kazi za watu saba: ofisa wa wizara ya mambo ya nje, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa kule Katanga, jimbo la kusini mwa Kongo, mkuu wa chuo kikuu Ghana, profesa New York, mbunge na waziri Dublin, mhariri mkuu wa gazeti London, na uzeeni mwanachama wa chama kidogo cha Belfast kilichotetea kubaki chini ya Uingereza. Kwao walimbandika jina la Cruiser, yaani manowari. Jina lake la katikati lilisaidia, lakini tabia yake ilisaidia zaidi: alikuwa mtu wa kufika mahali mizinga imeshaelekezwa.

Kwa maoni yangu, ukitaka kumwelewa anza na mdomo wake. Alisema hadharani mambo ambayo wenzake maofisini walikuwa wakinong'onezana. Ndiyo yaliyompandisha, na kila alipoanguka ukichunguza utakuta kuna sentensi aliyoisema mapema mno.

Msomaji wa Kiswahili anahusikaje naye?

Kwa sababu ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Ni mji wa migodi na reli ambao watu wa makabila mengi waliungana humo kwa Kiswahili chao wenyewe, na ndiko O'Brien alikotumwa Juni 1961. Alichokifanya pale kwa miezi isiyozidi sita kilimpa jina duniani na kumtoa kazini.

Halafu kuna Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga na mpinzani wake mkali kuliko wote. Munongo alikuwa mjukuu wa Msiri, yule mfanyabiashara kutoka Unyamwezi aliyejisimika ufalme Bunkeya katika karne ya 19. Kwa hiyo malalamiko ya O'Brien kuhusu Munongo yana kipande cha historia ya Tabora ndani yake, ingawa sidhani kama mwenyewe aliwahi kuitazama hivyo.

Alikulia katika nyumba ya namna gani?

Nyumba iliyopasuliwa na mwaka 1916, mwaka mmoja kabla hajazaliwa. Mama yake, Kathleen Sheehy, alikuwa binti wa mbunge wa chama cha zamani cha wazalendo wa Ayalandi. Dada mmoja wa Kathleen aliolewa na Francis Sheehy-Skeffington, mpinga vita aliyekamatwa Dublin wakati wa maasi ya Pasaka dhidi ya utawala wa Uingereza, alipokuwa akijaribu kuzuia uporaji madukani. Ofisa wa jeshi la Uingereza aliamuru apigwe risasi bila kesi. Dada mwingine aliolewa na Thomas Kettle, ambaye Septemba mwaka huo huo alikufa Ufaransa katika vita ya Somme, mwilini akiwa na sare za jeshi lile lile la Uingereza. Mashemeji wawili, mwaka mmoja: mmoja kauawa na jeshi, mwingine kafa akilitumikia. Mtoto aliyekulia kwenye mazungumzo ya ukoo kama huo hawezi kukua akiamini kwamba historia ya Ayalandi ina upande mmoja.

Baba yake, Francis, alikuwa mwandishi wa habari asiye na dini, akamwandikisha mwanawe shule isiyo ya Kikatoliki, Sandford Park. Alifariki Krismasi ya 1927, Conor akiwa na miaka 10. Mjane alibaki na mshahara wa ualimu na shinikizo la kumhamishia mtoto shule ya mapadri. Hakumhamisha. Baadaye Conor akaingia Trinity College, chuo ambacho wakati ule Wakatoliki wengi walikiona ni cha Waprotestanti, na mwaka 1939 akamwoa Christine Foster, binti wa familia ya Kiprotestanti kutoka kaskazini.

Ilikuwaje akapelekwa Katanga?

Alijiunga na wizara ya mambo ya nje mwaka 1944. Ayalandi ilipopokelewa Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 1955, yeye akawa mmoja wa waliotengeneza sera yake pale New York chini ya waziri Frank Aiken: nchi ndogo, haikuwahi kuwa na koloni, haimo NATO, inayoweza kupiga kura bila kuomba ruhusa Washington. Pembeni alikuwa akiandika uhakiki wa fasihi. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, naye mpenda vitabu, alimtaka yeye kwa jina.

Kazi yenyewe ilikuwa mtego. Moise Tshombe alikuwa ametangaza Katanga nchi huru tarehe 11 Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru wa Kongo, akiegemea pesa za kampuni ya shaba ya Union Minière, maofisa wa Kibelgiji na mamluki. Patrice Lumumba aliuawa nje kidogo ya Elisabethville tarehe 17 Januari 1961. Mwezi uliofuata Baraza la Usalama likapitisha azimio la kutaka wanajeshi wa kigeni na mamluki waondoke, na kuruhusu nguvu itumike, kama njia ya mwisho, kuzuia vita ya wenyewe kwa wenyewe. Azimio halikusema waziwazi kwamba nguvu itumike kuimaliza Katanga. O'Brien alitua katikati ya pengo hilo.

Je, ni yeye aliyeanzisha mapigano ya Septemba 1961?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu fupi halipo.

Anza na tarehe 28 Agosti. Alfajiri, askari wa Umoja wa Mataifa waliwakamata mamia ya maofisa wa kigeni na mamluki mjini bila kumwaga damu. Ilikwenda vizuri kiasi cha kulevya. Kisha mabalozi wadogo wa nchi za Magharibi wakaomba wamalizie wao wenyewe kuwaondoa waliobaki. O'Brien akakubali, operesheni ikasimamishwa, na wengi wa waliobaki wakapotea machakani na majumbani mwa walowezi. Siku zilizofuata Waluba wa mjini, kabila lililopinga kujitenga kwa Katanga, wakikimbia polisi wa Munongo, walimiminika kando ya kambi ya Umoja wa Mataifa wakiwa na magodoro na masufuria, mpaka idadi yao ikapita 30,000. Hapakuwa na vyoo wala maji ya kuwatosha.

Operesheni ya pili ilipewa jina la Morthor, neno la Kihindi lenye maana ya kuvunja na kuponda. Ilianza alfajiri ya tarehe 13 Septemba. Askari wa Kihindi waliingia posta na kituo cha redio. Safari hii Wakatanga walikuwa macho, na kulipiganwa nyumba kwa nyumba. O'Brien akawatangazia waandishi kwamba kujitenga kwa Katanga kumekwisha. Hakukuwa kumekwisha. Tshombe alikuwa amewaponyoka na kuvuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na ndege moja tu ya kivita ya Katanga, aina ya Fouga, ikawa inazunguka angani ikidondosha mabomu inapotaka, kwa sababu Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege hata moja ya kuikabili. Ethiopia ilikuwa tayari kutoa za kwake, lakini ilibidi zipite Uganda, na Waingereza walichelewesha ruhusa.

New York ikatoa maelezo kwamba mapigano yalianza kwa sababu ya moto uliozuka kwenye gereji. O'Brien aliyakataa maelezo hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1962: alisema alipewa maagizo na Mahmoud Khiary, mkuu wa shughuli za kiraia kutoka Tunisia, na kwamba alikuwa na kila sababu ya kuamini Hammarskjöld anajua. Wanahistoria wanabishana hadi leo Katibu Mkuu alijua kiasi gani. Mimi naona maagizo alipewa, lakini lile tangazo la ushindi asubuhi ya kwanza lilikuwa lake peke yake, na ndilo lililofunga kila mlango wa kurudi nyuma kimyakimya.

Na wale askari wa Ayalandi waliozingirwa Jadotville?

Jadotville ni Likasi ya leo. Kikosi cha Waayalandi 150 na ushee chini ya Kamanda Pat Quinlan kilishambuliwa pale asubuhi ile ile ya tarehe 13, wengine wakiwa kwenye misa. Walijichimbia mahandaki, wakapigana mpaka tarehe 17 walipoishiwa maji na risasi, wakajisalimisha bila kupoteza mtu hata mmoja. Waliachiwa mwezi wa Oktoba. Nyumbani walipokewa kwa ukimya wa aibu, na ilichukua miongo kabla serikali haijawatambua.

Filamu ya mwaka 2016 inamwonyesha O'Brien kama bwana mwenye kiburi aliyewatupa askari wake. Alikuwa na kiburi, hilo halina ubishi. Lakini mipango ya vita haikuwa yake peke yake. Uamuzi wa kijeshi ulikuwa na majenerali wake. Lawama inayomkaa vizuri ni kwamba alikubali Morthor iendelee wakati kikosi kidogo cha wananchi wenzake kimekaa peke yake kilomita zaidi ya 100 kutoka msaada.

Aliacha kazi au alifukuzwa?

Vyote viwili, kwa namna fulani. Novemba Máire Mhac an tSaoi, mshairi wa lugha ya Kiayalandi na mwanadiplomasia mwenzake, alikwenda kuwa naye Elisabethville. Ndoa ya O'Brien na Christine ilikuwa bado haijavunjwa kisheria, na baba yake Máire, Seán MacEntee, alikuwa naibu waziri mkuu wa Ayalandi. Usiku wa tarehe 28 Novemba askari wa Katanga waliwavamia maofisa wawili wakubwa wa Umoja wa Mataifa, Brian Urquhart na George Ivan Smith, kwenye tafrija ya kumkaribisha seneta wa Marekani. Urquhart alipigwa vibaya. Máire alikuwapo, na magazeti ya Uingereza yakapata walichokitafuta: mwanamke huyu ni nani?

Mwanzoni mwa Desemba O'Brien akajiuzulu Umoja wa Mataifa na wizara ya kwao kwa mkupuo, akazishutumu Uingereza na Ufaransa kuwa zimehujumu kazi yake. Mapema 1962 akamwoa Máire. Katanga yenyewe ilisalimu amri Januari 1963, kwa nguvu ile ile ya Umoja wa Mataifa aliyolaumiwa yeye kwa kuitumia.

Ghana alifanya nini?

Kwame Nkrumah alimwalika awe mkuu wa Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, na akashika nafasi hiyo kuanzia 1962 hadi 1965. Nkrumah mwenyewe alikuwa chansela, hivyo kila ugomvi ulikuwa na bosi moja kwa moja: chama kilitaka chuo kiimbe wimbo wake, wahadhiri wakafukuzwa nchini, na O'Brien akasimama hadharani kutetea uhuru wa wasomi. Aliondoka kabla ya mapinduzi ya Februari 1966. Kwa upande wa heshima, naihesabu hii kuwa miaka yake mizuri kuliko yote.

Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha New York, akaandamana kupinga vita ya Vietnam, akakamatwa pamoja na waandamanaji wenzake.

Aliingiaje bungeni?

Mwaka 1969 kwa tiketi ya chama cha Labour, jimbo la Dublin Kaskazini-Mashariki. Ayalandi ina majimbo yenye wabunge kadhaa, kwa hiyo mpinzani wako anaweza kushinda na wewe ukashinda, mkabaki mnatazamana miaka minne. Ndivyo ilivyomkuta: jimbo hilo lilikuwa pia la Charles Haughey, waziri wa fedha, na O'Brien katika kampeni alikazania kuhoji faida aliyoipata Haughey kwa kuuza ardhi. Wapo waliomwona mchokozi tu. Miaka mingi baadaye tume za uchunguzi zilionyesha kwamba Haughey alikuwa akiishi kifalme kwa pesa za wafanyabiashara.

Kuna neno GUBU linalohusishwa naye. Ni nini?

Msomaji wa Kiswahili atacheka, maana gubu tunalijua: lile la mawifi, la mtu kununa na kusimanga siku nzima. Hili ni jingine. Agosti 1982 mtuhumiwa wa mauaji aliyekuwa akisakwa nchi nzima alikutwa katika nyumba ya mwanasheria mkuu wa serikali, aliyemkaribisha bila kujua. Haughey, wakati huo waziri mkuu, alilieleza tukio hilo kwa maneno manne: la kutisha sura, lisiloaminika, la ajabu, lisilo na mfano. O'Brien akachukua herufi za mwanzo za maneno hayo kwa Kiingereza, akapata GUBU, na tangu hapo Waayalandi wanaiita hivyo serikali yoyote yenye vituko.

Mwaka huo huo aliandika kwamba hata akimwona Haughey kisiasa amezikwa usiku wa manane kwenye njia panda, na kigingi kifuani, yeye angeendelea kuvaa kitunguu saumu shingoni, kwa tahadhari tu. Watu wengi wa Dublin hawamkumbuki Tshombe wala Nkrumah, lakini kitunguu saumu wanakikumbuka.

Akiwa waziri alifanya kazi gani?

Serikali ya mseto ya Liam Cosgrave, 1973 hadi 1977, ilimpa wizara ya posta na simu. Mwanadiplomasia wa dunia akawa anajibu bungeni kwa nini mtu fulani bado anasubiri laini ya simu. Katika utangazaji, ambao nao ulikuwa chini ya wizara hiyo, alitaka kituo cha BBC kirushwe nchi nzima. Wananchi walipoulizwa wakasema afadhali chaneli ya pili ya kwetu. Akakubali kushindwa.

Ni kweli alizuia IRA isisikike redioni?

Kweli. Alilizuia kundi hilo lililopigana kwa bunduki kuitoa Ayalandi ya Kaskazini chini ya Uingereza, lakini hakuuanzisha uzuio huo. Ulikuwapo kabla yake, na serikali iliyotangulia iliwahi kuifukuza bodi nzima ya RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, mwaka 1972. Sheria yake ya 1976 iliweka mipaka: amri iwe ya mwaka mmoja tu, na bodi isifukuzwe mpaka mabaraza yote mawili ya bunge yapige kura. Papo hapo akaitumia kuwafungia wasemaji wa Sinn Féin, chama cha siasa cha upande wa IRA. Mtu aliyetetea uhuru wa wahadhiri Legon alikuwa sasa anawaambia watangazaji nani wasimhoji.

Hoja yake ilikuwa kwamba dola ya kidemokrasia haina wajibu wa kuwapa kipaza sauti wanaotaka kuipindua kwa bunduki. Ina uzito, hasa ukikumbuka mabomu yaliyolipuka Dublin na Monaghan Mei 1974, ingawa hayo yalitegwa na kundi la upande wa pili, la Waprotestanti waliotaka kubaki chini ya Uingereza. Kinachonipa shida ni hatua iliyofuata. Agosti 1976 alifanya mahojiano na Bernard Nossiter wa Washington Post kuhusu muswada mpya wa usalama. Katika mazungumzo akavuta droo, ndani mna vipande vya barua za wasomaji zilizochapishwa katika gazeti la Irish Press, na akaashiria kwamba mhariri aliyezichapisha angeweza kushtakiwa. Nossiter alitoka pale akampa taarifa mhariri mwenyewe, Tim Pat Coogan, ambaye alizichapisha tena barua zote. Muswada ukalegezwa. Ile droo haikumtoka tena: mwaka 1977 alipoteza kiti chake.

Amri ya uzuio iliendelea kuhuishwa kila mwaka hadi Januari 1994, waziri mwingine wa Labour, Michael D. Higgins, aliyekuja kuwa rais, alipoiacha ife.

Kwa nini mzalendo wa Ayalandi akaishia upande wa Waprotestanti wa kaskazini?

Yeye angejibu kwamba hakuhama, ila alifika. Agosti 1970 alipigwa na watu wa upande huo kwenye maandamano yao mjini Derry, kule kaskazini, na bado akarudi Dublin akisema kwamba milioni moja ya watu wasiotaka kuungana nasi hawawezi kuunganishwa kwa nguvu wala kwa ndoto. Miaka ile hilo lilikuwa jambo zito kulitamka, na leo ni msingi wa makubaliano ya amani ya Ayalandi ya Kaskazini.

Ajabu ni kwamba makubaliano hayo ya 1998 aliyapinga. Mwaka 1996 alikuwa amejiunga na kile chama kidogo cha Belfast, cha Robert McCartney, akachaguliwa katika baraza la mashauriano la Belfast. Kisha akaandika katika kumbukumbu zake kwamba pengine watu wa kaskazini wangefanya vyema kujadili wenyewe masharti ya kuungana na Dublin, ili kuwabana Sinn Féin. Wenzake chamani walisoma mara mbili kuhakikisha. Ilibidi aondoke.

Afrika Kusini je?

Mwaka 1986 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, akaudharau waziwazi mgomo wa wasomi wa nje waliokataa kufanya kazi huko kupinga utawala wa kibaguzi. Wanafunzi wakavamia mihadhara, ikakatizwa. Alikuwa mpinzani wa ubaguzi miaka mingi, na yeye na Máire walikuwa wameasili watoto wawili wenye damu ya Kiafrika na Kiayalandi. Wanafunzi hawakuwa na haja ya wasifu wake. Walimwona mgeni anayevunja mgomo.

Aliamini nini kuhusu kifo cha Hammarskjöld?

Ndege ya Katibu Mkuu ilianguka karibu na Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, akiwa njiani kukutana na Tshombe kusimamisha vita ile ya Morthor. O'Brien hakuamini kamwe kwamba ni ajali. Mwaka 1992 yeye na George Ivan Smith waliandika barua katika gazeti la Guardian wakidai kwamba mamluki waliotumwa na wafanyabiashara wa Katanga ndio waliohusika. Wengi waliiona ni hadithi ya wazee wawili wenye kinyongo.

Umoja wa Mataifa uliporudi kulichunguza jambo hilo mwaka 2015, kazi ilipewa jopo lililoongozwa na Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania. Ripoti yake ya 2017 ilisema inawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje ndilo lililoiangusha ndege. O'Brien alikuwa amekwisha kufa miaka tisa. Jaji Othman alizitaja Uingereza, Marekani na Afrika Kusini kuwa nchi ambazo huenda bado zina kumbukumbu muhimu makabatini, na ameendelea kuziomba.